Kamera Isiyokatika

Watu wa Muhungu, mtaa wa Bukavu, walikuwa wakisema papa Ezéchiel amebarikiwa. Alikuwa na nyumba ya vyumba sita, ukuta wenye vipande vya chupa juu yake, lango la chuma la rangi ya bluu, na binti Ulaya. Walipomwona amesimama langoni mikono nyuma, akiwatazama wapita njia mpaka wapotee kwenye kona, walisema huo ni utulivu wa uzeeni. Utulivu gani. Mzee alikuwa mpweke, tena upweke wa aina ile ambayo mtu huona haya kuutaja kwa sababu anakula na kushiba.

Hakuzaliwa mpweke. Alikuwa seremala wa Kadutu, na karakana yake ilikuwa kando ya soko, mahali ambapo hata ukitaka kunyamaza watu hawakuachi. Alitengeneza milango, viti vya shule, vitanda vya maharusi. Wenye haraka walimpigia kelele, wasio na haraka walikalia mbao zake na kusema siasa, na saa sita mke wake Pascaline alileta bugali na maharage, akakuta chakula cha mtu mmoja kinangojewa na watu watano. Ezéchiel alilalamika kila siku kwamba watu hawa watamfilisi. Siku ambazo hawakuja, aliuliza wako wapi.

Ornella, mtoto wao wa pekee, alikwenda Ubelgiji kusoma, akabaki. Alipata kazi Liège katika nyumba ya wazee, akiwaogesha baba za watu wengine na kuwalisha uji kwa kijiko. Kwa pesa hiyo akajenga Muhungu, tofali juu ya tofali, kwa miaka. Pascaline alikufa kabla bati halijapigwa. Nyumba ilipokwisha, Ornella alimwambia baba yake aache karakana, magoti yamechoka, aende akakae nyumbani kwake, na zaidi ya yote asiiache nyumba peke yake, maana wezi wa siku hizi hawana hata aibu ya kusubiri usiku. Mzee akauza randa na misumeno, akahamia. Kati ya vyumba sita alichagua kile kidogo karibu na jikoni. Vile vingine alivifungua Jumamosi tu, vipate hewa.

Kamera ya kwanza Ornella aliileta mwenyewe, alipokuja kwa misa ya mama yake. Aliifunga kwenye nguzo ya baraza, akaitia karti ya simu, akamwonyesha baba yake pa kuiwekea uniti za salio. Na hapo, bila mtu yeyote kukusudia, ulianza wakati mzuri wa uzee wa papa Ezéchiel, kwa sababu kamera ile ilikuwa mbovu.

Au tuseme rezo, mtandao wenyewe wa simu, ndiyo ilikuwa mbovu. Mvua ikinyesha, inakatika. Antena ya mtaani ikikosa mafuta ya jenereta, inakatika. Wakati mwingine jua limewaka vizuri, hakuna sababu, inakatika vilevile. Ikikatika, simu ya Ornella kule Liège ilimpa habari, naye alipiga papo hapo.

"Papa, image imekatika."

"Nilijua. Mvua ilipiga asubui yote."

"Basi panda ku kiti, tosha karti, upanguse, urudishe. Polepole, usianguke."

Mzee alipanda kiti, simu imebanwa begani. Alitoa karti, akaifuta kwenye shati, akairudisha, kisha wote wawili wakangoja taa nyekundu igeuke ya kijani. Kungoja kwenyewe kulikuwa kurefu, na watu wawili hawawezi kungoja kimya. Ornella aliuliza papa amekula nini. Alieleza kwamba mtoto wake mkubwa anakataa kusema Kiswahili, anajibu Kifaransa tu, kama bwana mkubwa. Alisema kazini kuna mzee anayemwita kwa jina la mke wake aliyekufa, na siku nyingine yeye huitika tu. Ezéchiel alisimulia avokado zinavyoanguka bila mlaji, na jinsi maman Georgette, jirani wa ng'ambo ya barabara, alivyogombana na kwaya nzima kwa ajili ya kitambaa cha Pasaka. Mara nyingine taa ilikuwa imekwisha kuwa ya kijani zamani, na mzee hasemi. Naye Ornella, ambaye bila shaka alikwisha kuona picha imerudi, hakusema pia.

Baada ya mazungumzo kama hayo Ezéchiel alishuka kitini akiwa mtu mwingine. Alifagia ua uliokwisha kufagiwa. Kama siku zilipita bila kukatika, alimbipé Ornella mwenyewe, simu ilie kidogo tu kisha akate, na binti akipata nafasi alipiga.

Kisha akaja Hugues.

Hugues alikuwa fundi wa kamera, mwenye duka karibu na Place, uwanja wa katikati ya mji, kijana mpole mwenye mkoba mgongoni. Ornella alikuwa amemtumia pesa ang'oe kamera ya zamani na kuweka mpya. Ezéchiel alimshikia kiti, akaigeuza kamera mpya mkononi, akatafuta mlango mdogo wa karti, hakuuona.

"Karti inaingilia wapi?"

"Haina karti, papa. Iko na eSIM. Ni kama karti, lakini waliishona mu mashini, hauwezi kuitosha. Rezo moja ikianguka, inachukua ingine yenyewe. Na zote za huku zikianguka, inatafuta ya ng'ambo, kule Cyangugu."

"Na uniti?"

"Ornella njo analipa, kulekule."

"Sasa miye nitafanya nini?"

"Hakuna kitu, papa. Utapumuzika tu."

Hugues alisema hivyo kwa moyo mzuri kabisa, kama mtu anayempa mwenzake zawadi. Jioni Ornella alipiga, naye alikuwa na furaha.

"Papa, sasa tumepona. Haitakatika tena. Na usikuwe unabipé, unapoteza uniti zako bule. Niko nakuona kila siku."

Ezéchiel aliyashika maneno hayo kama yalivyo. Niko nakuona kila siku. Hakuwa mtu wa kupima maneno ya mtoto wake kwa mizani. Kama amesema anaona, basi anaona, na mtu akikuona kila siku huwezi kumpita kama mti. Kwa hiyo kila asubuhi, akishanawa uso, mzee alikuja chini ya kamera na kusimama.

"Jambo mama. Umelamuka muzuri? Na batoto?"

Kila swali aliliachia nafasi ya jibu, kwa sababu salamu za kukimbizana ni za watu wasiopendana. Kisha alitoa habari: kwamba bomba halijatoa maji, kwamba sambaza, dagaa wa ziwani, zimepanda bei tena, kwamba lango linalia na atalipaka mafuta. Aliacha shati la nyumbani, akawa anavaa lile lenye kola. Meza ya kulia aliihamishia barazani na kukaa akiielekea kamera, maana nyumbani kwao hakuna aliyekula huku amewapa watu mgongo.

Maman Georgette, aliyekuwa na mdomo mwepesi na moyo mwepesi pia, alimkuta katikati ya salamu.

"Papa Ezéchiel, umekwisha kuoa kamera?"

"Ni Ornella. Iko naangalia."

"Ni muzuri. Na weye unamuona?"

Mzee alimkaribisha kiti badala ya kujibu. Swali lile lilibaki naye siku nzima na kumuudhi, kwa sababu lilikuwa swali la haki.

Simu ikanyamaza. Mwanzoni ilikuwa wiki, naye akasema mtoto ana kazi. Baadaye aliacha kuhesabu, akawa anaiweka simu mezani kando ya sahani, kioo juu, akiichaji hata kabla haijaisha. Siku moja antena ya mtaa ilizimika kabisa. Muhungu nzima ikakosa rezo, watu wakapanda mlimani wameinua simu zao juu, na maman Georgette akaja kuuliza kama kwake iko. Ezéchiel alikwenda barazani kwa mwendo ambao magoti yake yalikuwa yamesahau. Moyoni alikuwa na tumaini alilolionea aibu, kama mtu anayeombea jirani yake mafua. Akainua macho. Taa ilikuwa ya kijani, imetulia. Kamera ilikuwa imevuka ziwa na kuchukua rezo ya Rwanda bila kumwonyesha mtu karatasi mpakani. Ilikuwa mashine nzuri kweli. Mzee aliitukana kwa Mashi, lugha ya kwao, polepole, kwa sababu hakuwa na hakika kama inasikia.

Katika kiangazi kaka yake Benoît akafa. Huyo alikuwa mkubwa wake, mkulima wa mpunga kule Kamanyola, aliyemfundisha Ornella kuogelea na kumbeba mabegani kila sikukuu. Homa ilimshika, ikamwacha, ikarudi, ikamchukua. Watoto wake walimpigia Ezéchiel alfajiri. Alivaa koti jeusi, akachukua mfuko, na kabla ya kufunga nyumba alisimama chini ya kamera kwa muda wa kutosha, aonekane koti na mfuko na uso. Hakusema neno. Kisha akafunga lango na kushuka Kamanyola kwa njia ya Ngomo, vumbi puani, simu katika mfuko wa kifuani ili aisikie.

Alitegemea kukaripiwa. Papa, unaenda wapi, nyumba umemuachia nani? Alikuwa ameandaa hata jibu. Walimzika Benoît, wakalia kilio chote, na simu ilikaa kifuani mwake bila kulia. Siku ya kumaliza kilio wanaume wa ukoo walinyolewa kwa wembe, kama desturi ya kwao ilivyo, na Ezéchiel, aliyebaki mkubwa wao sasa, alinyolewa wa kwanza. Gentil, mtoto wa marehemu, alimsogelea.

"Papa mudogo, Ornella tumemuachia weye. Ni weye baba yake utamuambia."

"Nitamuambia."

Lakini kwao mtu wa mbali haambiwi msiba kwa simu hivi hivi. Huwezi kumtupia mtu maiti akiwa kazini, ameshika kijiko cha uji cha mgonjwa, hana wa kumshika mkono. Hutumwa ndugu, akaketi naye kwanza, akala naye hata kidogo, ndipo akasema. Huko Liège hakukuwa na ndugu wa kutumwa. Ezéchiel alilifikiria jambo hilo njia nzima ya kurudi, akaona suluhisho ambalo lilimpendeza kwa upole wake: hatamwambia, atamwonyesha. Ornella ataona kichwa, saa ambayo ameketi kwake, ametulia. Atajua kuna msiba. Ataandaa moyo, kisha atauliza mwenyewe, "Papa, ni nani?" Na hapo baba atajibu.

Hilo ndilo alilojiambia. Chini yake kulikuwa na jambo jingine alilolijua vizuri na hakulitazama sana: alitaka kuona kama anaonekana.

Basi akaketi barazani kichwa wazi, bila kofia, ingawa upepo wa kiangazi wa Bukavu una meno. Alisogeza kiti mpaka mbele kabisa. Alikuwa akiinama kufunga kamba za viatu mara nyingi kuliko viatu vinavyohitaji, utosi uelekee kule kule. Na kichwa kile kilifanya kazi yake kwa kila mtu. Maman Georgette alikiona kutoka ng'ambo ya barabara, akaacha sufuria motoni, akaja kumshika mikono. Muuza mikate alishuka baiskeli. Mbeba maji, ambaye kwa miaka hakuwahi kumsalimia kwa adabu, aliweka bidoni zake chini na kusema pole, papa, ni mutu gani alikufa? Kwa siku chache lango la bluu lilikuwa na watu kama karakana ya Kadutu. Ezéchiel aliwashukuru wote, na kila alipowajibu jicho lake lilikwenda kwenye simu iliyo mezani.

Kwanza alimtafutia sababu. Watoto wanaumwa. Kazi ni nyingi. Kisha akakasirika, kweli kweli, akala siku mbili akiipa kamera mgongo. Hasira ilipoisha ikaja hofu, nayo ilikuwa mbaya zaidi: huenda ameona. Huenda ameona kichwa, akajua maana yake, na akasema nitapiga kesho.

Asubuhi moja alipanda kiti, magoti yakilia, akaushika waya wa kamera. Alijua. Akiuchomoa tu, simu italia kabla chai haijapoa, na sauti ya mtoto wake itajaa baraza yote. Vidole vilikuwa tayari. Lakini alijua pia atakachosema. Papa, image imekatika. Atapiga kwa ajili ya image. Mzee alisimama pale juu ya kiti muda mrefu, akihema, mkono kwenye waya, na machozi yakamtoka bila ruhusa. Hakutaka kuitwa kwa ajili ya mashine. Alitaka mara moja tu aitwe kwa ajili yake mwenyewe. Akauachia waya, akashuka, akanywa chai.

Nywele zikaanza kurudi. Alizisikia kwa kiganja kila akinawa, kwanza ukavu wa msasa, kisha ulaini. Aliwaza kunyoa tena, lakini kwa maiti mmoja watu hawanyoi mara mbili. Anayefanya hivyo anamwita mwingine. Akaziacha ziote. Akarudia shati la nyumbani, na meza akairudisha ndani.

Misa ya arobaini ilisomwa Kamanyola. Gloire, binti wa marehemu, akaweka picha kwenye WhatsApp ya ukoo, ya baba yake kati ya mishumaa. Mchana huo huo Ezéchiel alikuwa ameketi kwenye ngazi za jikoni akichambua lengalenga, simu ikalia.

"Papa."

Alikuwa analia. Mzee akaweka majani chini.

"Mama."

"Papa mukubwa Benoît alikufa?"

"Alikufa."

"Na haukuniambia. Miye naona ku WhatsApp ya Gloire, sawa mugeni."

"Nilikuambia."

"Lini, papa? Haukubipé hata mara moja."

"Ulisema nisibipé. Ulisema uko unaniona kila siku. Nilivaa koti, nikasimama mbele yako. Nilinyoa kichwa, nikaikala mbele yako kila siku. Batu yote ya barabara waliona."

Kwa mbali, nyuma ya Ornella, kulikuwa na sauti ya mtoto akiuliza kitu kwa Kifaransa, naye hakumjibu.

"Papa," akasema mwishoni, "image sifungulake. Naangalia ka taa tu. Ku telefone yangu kuko ka point ya vert. Nikilamuka naangalia: kama iko vert, nasema papa iko muzuri, naenda kazi. Kama imekatika, njo napiga."

"Haikukatika," mzee akasema.

"Haikukatika, papa. Hata siku moja."

Wala hakumkaripia. Hasira yake ilikuwa imekwisha kutumika yote. Alifikiria asubuhi zote zile, shati lenye kola, maswali aliyoyaachia nafasi ya jibu, na habari za lango na sambaza, na kule ng'ambo nukta ya kijani ikiwaka kwenye simu ya mwanamke anayetafuta viatu vya watoto kabla ya basi. Alimhurumia. Alijihurumia pia, na safari hii hakuona haya.

"Ngoja," Ornella akasema, pua imeziba. "Nafungua sasa. Enda ku barza, papa. Simama pale nikuone."

Ezéchiel akafuta mikono kwenye suruali, akatoka barazani, akasimama mahali pake chini ya nguzo. Alifunga kifungo cha juu cha shati. Akainua uso, kisha akakumbuka, akainamisha kichwa ili utosi uonekane vizuri, akakaa hivyo, simu sikioni, akisikiliza pumzi za mtoto wake.

"Nakuona, papa."

"Aksanti, mama."

Akazidi kuinama.

"Lakini papa, kichwa iko na nywele."

"Imeota, mama," akasema. "Ulikawia."